Kipima ulevi cha mkononi: kifaa cha asubuhi, si cha usiku

Pasaka ina siku nne, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Kwa Mwanza hizo ni siku nne za magari kupishana kati ya Kirumba, Nyegezi, Igoma na fukwe za Ilemela, na za trafiki kusimamisha magari usiku na kumwambia dereva apulize. Msimu kama huo ndipo wauzaji wa vifaa vya magari na wa mitandaoni wanapotangaza vipima ulevi vidogo vya kununua mwenyewe, vinavyoingia mfukoni kama simu ya kitochi. Wanaahidi kwamba ukipuliza kabla ya kuwasha gari utajua kama utapita salama.

Ahadi hiyo tunaikataa. Kifaa chenyewe kina kazi moja ya maana sana, na tutaieleza, lakini si kazi ya kumruhusu mtu aliyekunywa ashike usukani saa sita usiku. Mwenye kukinunua kwa ajili hiyo amenunua namna mpya ya kupata kesi.

Madukani utakuta aina mbili, na tofauti yake haionekani kwa nje. Ya kwanza hutumia sensa, yaani kipande cha ndani kinachonusa pombe, ya semikondakta. Ni ya bei rahisi, ina taa za rangi na kioo kidogo, na mara nyingi haina hata mrija wa kupulizia, bali unapulizia kitundu kwa juu. Sensa hiyo haitambui pombe peke yake. Inashtuka pia kwa asetoni, ile hewa inayotoka kwa mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imepanda au kwa mtu aliyefunga muda mrefu. Moshi wa sigara unaivuruga, vitakasa mikono vinaivuruga, joto na unyevu navyo vinaivuruga. Mtu mmoja akipuliza mara tatu ndani ya dakika kumi anaweza kupata namba tatu zisizofanana. Kwa hiyo aina hii tunashauri usiichukue, hata ukipunguziwa bei.

Aina ya pili hutumia fueli seli. Humo ndani pombe ya kwenye pumzi inaguswa na kemikali na kutoa umeme kidogo, na kadiri pombe ilivyo nyingi ndivyo umeme unavyokuwa mwingi. Vipima vingi vya mkononi vya polisi duniani, kama vile vya kampuni ya Dräger ya Ujerumani, hutumia mfumo huu. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Ukiwa dukani soma boksi. Kama halitaji fueli seli mahali popote, chukulia kwamba ni semikondakta, hata muuzaji aape.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi, na ndilo linaloua kifaa: sensa huchoka. Watengenezaji wengi hutaka kifaa kipimwe upya kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa hewa au maji yenye kiasi cha pombe kinachojulikana. Kazi hiyo haifanywi na fundi simu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja, "Sensa ikichoka inafanyiwa nini, na nani?" Akijibu kwamba haichoki, ondoka. Kwa mtu wa Mwanza, kifaa bora ni kile ambacho sensa yake ni kipande kinachochomolewa, unaagiza kipya kilichokwisha kupimwa kiwandani, unakichomeka mwenyewe na kazi inaendelea. Kile kinachotakiwa kurudishwa ng'ambo kwa mtengenezaji kitakuwa pambo la dashibodi mwakani.

Na dashibodi si mahali pake. Gari likiegeshwa juani, ndani kunawaka, na joto hilo linaharibu fueli seli na betri. Kiweke ndani ya nyumba, kwenye mfuko wake, mbali na manukato na dawa za kupulizia.

Sasa namba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo inayotawala suala hili Tanzania, na kikomo kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ambayo kwenye kioo husomeka 0.08. Dereva wa biashara kikomo chake ni sifuri. Anayeendesha daladala, teksi, basi au lori la mizigo hana chupa moja ya ruhusa.

Vifaa vingine havionyeshi kipimo cha damu, vinaonyesha miligramu kwa lita ya pumzi, na hapo 0.08 ya damu inakuwa takriban 0.38. Vingine vinatumia gramu kwa lita ya damu, inakuwa 0.8. Mtu asiyejua kifaa chake kimewekwa kwenye kipimo kipi anaweza kuona 0.30 ya pumzi akadhani amelewa chakari, au kuona 0.08 ya pumzi akadhani amefika kikomo wakati yuko karibu 0.017. Hatari kubwa ni mtu aliyezoea kifaa chenye kikomo cha 0.8, kisha akaazima kinachoonyesha pumzi, akasoma 0.50 na kujiona yuko chini. Huyo amepita 0.10 ya damu. Fungua mipangilio siku ya kwanza, chagua kipimo cha damu, kisha usikiguse tena.

Kabla hata ya kupuliza, hesabu ya chupa inakwambia mengi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Mwanaume wa kilo 70 akiimaliza haraka, damu yake inapanda karibu 0.04. Ya pili inamfikisha 0.08, yaani kwenye mstari wenyewe. Mwanamke wa kilo 60, kwa chupa hizo hizo mbili, yuko karibu 0.12, kwa sababu mwili wake una maji kidogo ya kuitawanya pombe. Bia hazilingani pia. Kilimanjaro ina asilimia 4.5 na Safari ina 5.5, na ukizidisha kwa raundi nne tofauti inakuwa kubwa. Konyagi ni asilimia 35. Ile chupa ndogo ya mililita 200 ina gramu 55, karibu bia tatu, na watu wawili wakiigawana kwa soda wanasema wamekunywa kidogo.

Ini linaondoa wastani wa 0.015 kwa saa, na haliharakishwi. Kahawa inakufumbua macho tu. Supu ya kongoro yenye pilipili na ndimu inakutoa jasho, maji ya baridi yanakushtua, karafuu na jojo zinaficha harufu, lakini pombe iliyomo kwenye damu haipungui hata kidogo. Nyama choma au sato aliyeliwa kabla ya kunywa anachelewesha pombe kuingia. Akiliwa baada, imekwisha ingia.

Sasa kwa nini kifaa hiki kisitumike usiku? Kwanza kabisa, pombe ya mdomoni. Ukipuliza ndani ya dakika 15 tangu ulipomeza, kifaa kinapima unyevu wa bia uliobaki kwenye fizi na ulimi, na namba inaruka juu mno. Mtu anaona 0.25, anacheka, anasema kifaa kibovu, na kuanzia hapo hakiamini tena hata kikisema kweli. Juu ya hayo, pombe nyingi mno inayoingia kwa mkupuo inaichosha sensa. Subiri dakika 20, bila kinywaji, bila sigara, bila dawa ya kusukutua mdomo.

Kosa la pili liko upande wa pili, nalo ni baya zaidi. Pombe inaendelea kuingia kwenye damu kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya glasi ya mwisho. Mtu aliyegida chupa tatu haraka haraka, akasubiri zile dakika 20 kwenye maegesho ya Kirumba, anaweza kusoma 0.06 na kuondoka kwa furaha. Anapita Mabatini, anapita Buzuruga, na kila kilomita namba inapanda. Trafiki anapomsimamisha Igoma hapimi alichosoma Kirumba. Anapima kilichopo saa hiyo. Na huwezi kumwonyesha askari kioo cha kifaa chako kama ushahidi, kwa sababu kinachohesabika ni kipimo cha polisi na cha hospitali.

La tatu ni sheria yenyewe. Kuzidi kikomo ni kosa, na kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ni kosa jingine linalojitegemea. Hilo la pili halikusubiri ufike 0.08. Ukiyumba, ukapanda tuta bila kupunguza mwendo, ukagonga, namba ndogo haikuokoi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi ziweke kikomo cha 0.05 kwa sababu uwezo wa kugawa macho kati ya taa, mtembea kwa miguu na bodaboda inayochomoka pembeni umeshapungua kabla ya hapo. Ongeza piritoni ya mafua juu ya bia mbili, na dereva anasinzia akiwa na namba nzuri kabisa.

Halafu kuna bima. Soma masharti ya bima kubwa yako. Ulevi wa dereva ni miongoni mwa mambo ambayo kampuni za bima huyatenga, hivyo gari linabaki juu yako, pamoja na kesi.

Basi kifaa kina kazi gani? Asubuhi. Hapo ndipo tunapokipa alama za juu.

Chukua yule mwanaume wa kilo 70. Jumapili ya Pasaka ameanza saa 12 jioni, ameishia saa 6 usiku, bia nane. Amerudi kwa teksi, amelala vizuri, amefanya kila kitu sawasawa. Saa 12 asubuhi ya Jumatatu anaamka kuwapeleka watoto kwa bibi yao Sengerema. Kichwa kizito kidogo, lakini anajiona mzima. Hesabu: bia nane zilimpandisha karibu 0.33, saa 12 zimemwondolea 0.18, amebaki na 0.15. Hiyo ni karibu mara mbili ya kikomo, na ana familia nzima ndani ya gari. Atashuka chini ya 0.08 karibu saa 5 asubuhi. Sifuri ataifikia mnamo saa 10 jioni.

Safari hiyo ya Sengerema imebadilika, na watu hawajaizingatia. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, kivuko kilimsimamisha dereva apende asipende. Alisubiri, akashuka, akanywa chai, saa moja au mbili zikapita. Sasa ni kilomita 3 za daraja na anavuka kwa dakika chache, na ile subira iliyokuwa ikimsaidia bila yeye kujua haipo tena. Kwa anayetoka Mwanza kwenda ng'ambo ya daraja asubuhi ya sikukuu, kifaa hiki kina thamani yake kamili.

Asubuhi zile kasoro za usiku hazipo. Mdomo umeshakauka, pombe imeshaingia yote na sasa inashuka tu, kwa hiyo unachosoma saa 1 hakitapanda ukiwa Usagara. Sharti ni usizimue. Bia moja ya kuzimua saa 2 asubuhi inaongeza 0.04 juu ya ile uliyoamka nayo, na hesabu nzima inaanza upya.

Namna ya kupuliza: usukutue mdomo kwa maji matupu, usubiri dakika 5. Washa kifaa, kiache kijipashe moto mpaka kihesabu hadi sifuri. Vuta pumzi ya kawaida kupitia puani, bana mrija kwa midomo ili hewa isivuje pembeni, kisha puliza taratibu bila kukatisha, kwa nguvu ile ile, kama anayepuliza moto wa mkaa usirushe majivu. Sekunde tano au sita, mpaka usikie mlio. Watu hukata pumzi mapema, na hapo ndipo kipimo kinapopotea: hewa ya mwanzo ni ya mdomoni na kooni, ile ya mwisho ndiyo inayotoka ndani kabisa ya mapafu, na ndiyo inayowakilisha damu. Elekeza mrija chini kidogo ili mate yasitiririke kwenye sensa. Subiri dakika 5, rudia. Namba mbili zikitofautiana kwa zaidi ya 0.01, puliza ya tatu na uamini iliyo kubwa.

Kwa dereva binafsi, ushauri wetu ni kutogusa gari mpaka kioo kisome 0.00 mara mbili mfululizo. Wapo watakaosema ni ukali, mbona sheria inaruhusu 0.08. Kifaa cha mkononi kinaweza kukosea kwa 0.01 au zaidi hata kikiwa kipya. Kikisha zeeka hujui kinakosea kiasi gani. Sifuri ndiyo namba pekee inayokupa nafasi ya kosa hilo. Kwa dereva wa daladala au basi la kwenda Musoma au Shinyanga, hakuna cha kujadili. Huyu akinywa bia sita kuanzia saa 12 jioni, kwa hesabu ile ile hafiki sifuri mpaka saa 4 na nusu asubuhi, na zamu yake ya alfajiri inamkuta na karibu 0.07. Tajiri mwenye magari matatu manne angenunua kifaa kimoja cha fueli seli na mirija ya kutosha, mrija mmoja kwa kila dereva, akawapuliza kabla ya kukabidhi funguo. Matumizi hayo ndiyo tunayoyaona ya maana kuliko yote.

Jaribio la kukijua kifaa chako ni rahisi na halihitaji maabara. Tafuta mtu ambaye hajaonja pombe kwa siku nzima, apulize mara tatu. Ni lazima isome 0.00 zote tatu. Ikitokea 0.01 au 0.02, kirudishe dukani na risiti. Fanya hivyo tena kila kabla ya sikukuu.

Usiku, kinachokuepusha na kesi ni mpango wa kurudi, na mpango huo hupangwa saa 9 alasiri, ukiwa na akili timamu. Ufunguo wa gari uache nyumbani. Tunasema nyumbani, si kwa mhudumu wa kaunta wala kwa rafiki anayekunywa meza moja nawe, kwa sababu saa 7 usiku ufunguo ulio karibu unapatikana tu. Nenda kwa daladala au teksi. Nauli ya kurudi ihamishie kwenye laini nyingine ya simu, usiichanganye na pesa ya raundi. Dereva wa teksi unayemfahamu mpigie mapema mpatane saa na bei, kwani usiku wa sikukuu ukisubiri mpaka muziki uzimwe bei inapanda na magari yameisha.

Bajaji ni nzuri kuliko bodaboda kwa aliyelewa, kwa sababu ana mahali pa kukaa na kushika. Abiria mlevi kwenye pikipiki anasinzia, anaegemea, anaikosesha mizani, na mkipakiwa mshikaki wa watu watatu bila helmeti hata dereva mzima hawezi kuwaokoa. Kama bodaboda ndiyo iliyobaki, mtu mmoja, helmeti imefungwa, na uhakikishe mwendeshaji naye hakuwa sikukuuni.

Kama gari umeshakwenda nalo, kuna deiwaka, mtu wa kukuendeshea. Hapo angalia leseni yake kwa macho, ina daraja D, haijaisha muda, na jina linafanana na kitambulisho. Mshirikishe kifaa chako, apulize yeye kabla hujampa ufunguo. Hiyo ndiyo kazi pekee ya usiku ambayo kipima ulevi kinaifanya vizuri, kumpima anayesema hajanywa. Ukishindwa kumpata, mwombe mwenye baa gari lilale hapo chini ya mlinzi, andika namba ya simu ya mlinzi, uondoke kwa teksi. Kulala ndani ya gari tunakuona kama chaguo la mwisho kabisa. Ukikutwa kiti cha mbele, injini inaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi na ufunguo uko mahali pake, utapata shida kueleza kwamba hukuwa na nia ya kuondoka. Lala kiti cha nyuma, injini imezimwa, ufunguo kwa mlinzi.

Kwa hiyo: kifaa cha semikondakta, hapana. Cha fueli seli chenye sensa ya kubadilisha, ndiyo, kwa anayesafiri asubuhi baada ya usiku wa kunywa na kwa mwenye madereva. Mirija ya akiba nunua angalau kumi kwa mkupuo mmoja pamoja na kifaa, maana kuipata peke yake baadaye ni taabu, na betri zitoe kabisa kikikaa zaidi ya mwezi bila kutumika, zisije zikavuja ndani.